Wali Ulionukia Igalula

Marahaba, wajukuu zangu. Kaeni, na hizo simu ziwekeni chini kidogo, maana najua kuna mmoja wenu anaagiza chipsi mayai hapa hapa huku anajifanya ananisikiliza. Simlaumu. Mimi niliyekuwa mpishi wa treni ya reli ya kati kwa miaka thelathini na mitatu nimekula vya kununua miezi minne mfululizo, jiko langu likiwa uani limekaliwa na kuku. Sipigi chuku. Kuku mweusi alitaga ndani ya jiko la mkaa, akayalalia mayai yake, na hakuna aliyemsumbua kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja na jiko.

Leo nataka niwaeleze nilivyomtoa yule kuku. Haikuwa rahisi, kidole hiki bado kina alama. Nilimtoa kwa sababu mke wangu alikuwa ameacha kula, na nesi wa kliniki alikuwa ametupa wiki mbili.

Mke wangu ni Mama Kulwa. Mapacha wetu, Kulwa na Doto, wameolewa, mmoja yuko Mwanza na mwingine Dar, na sisi wawili tumebaki hapa mtaa wa Cheyo, Tabora, na nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu. Masika yaliyopita alipata kiharusi. Daktari alisema ni chepesi, na kweli mdomo ulirudi, mguu ukarudi, lakini mkono wa kulia ukabaki mzito. Mkono ule ndio uliokuwa ukisonga ugali wa nyumba hii tangu tulipooana. Uliposimama, jiko nalo likasimama.

Mtauliza, na wewe mpishi ulikuwa wapi? Mna haki ya kuuliza, na jibu lake linanitia aibu mpaka leo. Mimi nyumbani sikuwahi kupika. Hata chai. Nilikuwa nikirudi safari, siku nne au tano za moshi na kuyumba, nanawa, nakaa, nasema, "Mama Kulwa, sasa mimi ni abiria." Naye anacheka, analeta chakula. Mwanzoni ulikuwa utani. Baadaye ukawa ndio utaratibu wa nyumba, na hata nilipostaafu nikaendelea kuwa abiria sebuleni kwangu mwenyewe, nasubiri kuhudumiwa.

Sasa ngoja niwapeleke kwanza kwenye jiko langu la kazini, ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani.

Jiko la behewa la chakula lilikuwa chembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Jiko lenyewe lilikuwa la chuma, limefungwa sakafuni kwa bolti, na lilikuwa na ukingo kuzunguka ili masufuria yasiruke. Mpishi wetu mkuu alikuwa Mzee Salumu, mtu wa Ujiji, mfupi, mpole wa sauti na mkali wa macho. Babu yake, alituambia, aliwapikia wapagazi wa misafara, kwa miguu, kutoka Ujiji kuja hapa Tabora na kuendelea mpaka pwani. "Babu alipika kwa kambi," alikuwa akisema. "Saa hakuwa nayo. Sisi tunapika kwa stesheni. Kazi ni ile ile, ila sisi tunayumba."

Yeye ndiye aliyenifundisha kusimama. Msicheke, kusimama kunafundishwa. Miguu mbali, magoti yalegee, nyonga uiegemeze kwenye meza, kisu kikate kuelekea mbali na tumbo. Sufuria haijazwi zaidi ya nusu, hata abiria wakiwa wengi namna gani, kwa sababu kona ya kwanza tu mchuzi utauvaa. Na chumvi hutiwa treni ikiwa imesimama. Mkono wenye chumvi kwenye treni inayokwenda si mkono wa kuaminiwa, hata uwe wa Mzee Salumu.

Mwaka wangu wa kwanza nikaambiwa, "Treni ikisimama, tia chumvi kwenye mchuzi." Nikaitika. Tukasimama Igalula, Mzee Salumu mwenyewe akatia, mimi niko nyuma namenya vitunguu, sikumwona. Mbele kidogo tukasimama porini, ng'ombe wamelala relini. Treni imesimama, si ndiyo? Nikatia. Tukafika Goweko, tukasimama tena. Nikatia. Mzee Salumu akaja kuonja. Akafumba macho, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Kijana, huu ni mchuzi au umetuletea Uvinza yote?" Uvinza ndiko kunakochimbwa chumvi, huko njia ya Kigoma. Hakunigombeza. Aliugawa ule mchuzi kwenye masufuria mawili, akaongeza maji, nyanya na viazi vilivyochemshwa bila chumvi, akakamulia ndimu. Shikeni hilo: chumvi ikizidi haitoki, inaongezewa wenzake. Abiria walikula, ila siku ile soda ziliisha kabla hatujafika Itigi.

Baada ya pale nikajifunza kupika kwa stesheni sawasawa. Maharage yalibandikwa Tabora, yakaliwa Tura. Wali ulikuwa na mahali pake. Vitunguu vinaingia kwenye mafuta treni ikikaribia Igalula. Ikisimama pale vinakuwa vimeiva rangi ya kahawia, na iliki imeshaingia, na behewa zima linanukia. Hapo unatia mchele, maji ya moto na chumvi. Honi ikilia, unafunika. Ukifika Goweko, wali umeiva na wahudumu wanapakua. Miaka thelathini na mitatu sikuwahi kupika kwa kutazama saa.

Igalula ndiko nilikompata Mama Kulwa. Alikuwa binti wa pale pale, anauza mayai ya kuchemsha kwenye sinia, na chumvi na pilipili amezifunga kwenye vipande vya gazeti. Alikuja kwenye dirisha la jiko akanisalimu, "Mwangaluka," akaniangalia kama ananipima, nami nikanunua mayai manne. Safari iliyofuata nikanunua sita. Mzee Salumu akavumilia mara mbili tatu, mwisho akaniita. "Wewe, humu jikoni tuna trei tatu za mayai. Haya ya dirishani unayala kwa ugonjwa gani?" Basi behewa zima likajua. Kabla mwaka haujaisha nikapeleka wazee kwao.

Haya, turudi Cheyo. Tulikuwa tunanunua kila kitu. Asubuhi chapati za jirani, mchana wali wa mgahawani kwenye kopo la plastiki, jioni chipsi. Mama Kulwa alikuwa anadokoa kidogo, anasema mafuta yanamkaa kifuani, anasogeza. Mimi namalizia. Miezi ikaenda, mimi nimenenepa na yeye vitenge vinazunguka mwilini mara mbili. Nilikuwa naona, lakini nilikuwa najidanganya kwamba ni ugonjwa tu, utapita.

Siku ya kliniki nesi alimpima uzito, akatazama kadi, akampima tena. Binti mdogo yule, lakini hakuwa na mchezo. "Babu," akaniambia, "bibi amepungua mno. Dawa hizi hazitamsaidia mtu asiyekula. Nawapa wiki mbili. Mkirudi yuko hivi hivi tunamlaza, tumlishe kwa mpira wa puani."

Mama Kulwa akanishika mkono kwa ule wake wa kushoto, akaubana. Alipolazwa mara ya kwanza, kitanda cha jirani yake alikuwepo mama mwenye mpira ule. Mama Kulwa ndiye aliyekuwa akitazama siku kitanda kile kilipotandikwa shuka mpya na yule mama hayupo.

Kwenye bajaji akasema, "Baba Kulwa, mimi pale sirudi."

"Basi kula, mama."

"Nile nini? Yale mafuta?" Bajaji ikakaribia nyumbani. Kisha akasema, taratibu tu, huku anaangalia barabarani, "Umewapikia watu wa Kigoma usiowajua hata majina. Umewapikia wa Mwanza, wa Dodoma. Mimi hujanipikia hata uji."

Angesema kwa hasira ningejitetea. Hakusema kwa hasira. Niliteremka kwenye bajaji nikaenda moja kwa moja uani kwa yule kuku.

Mtu asije akawadanganya kwamba kuku anayelalia ni kuku. Nilimfunika na gunia, akanidonoa kidole, nikamhamishia kwenye karai kuukuu lenye majani pamoja na mayai yake kumi na moja, akanitukana kwa lugha yake mpaka adhuhuri. Nikalikung'uta jiko, nikalifuta, nikawasha mkaa. Nikajiambia, mpishi wa watu mia mbili atashindwa na watu wawili?

Nilishindwa, wajukuu zangu. Nilishindwa vibaya. Nilibandika wali, nikatia maji, nikashika chumvi mkononi, nikasimama. Nimesimama pale, miguu mbali, nyonga kwenye ukuta wa kibanda cha jikoni, nasubiri. Nasubiri nini? Nilikuwa nasubiri nyumba isimame! Nilipojigundua nikatia chumvi kwa haraka, nikafunika, nikakaa kwenye kigoda nikingoja mwili uniambie tumefika Goweko. Mwili haukusema kitu. Nyumba haiyumbi, haipigi honi, haina stesheni. Nikaanza kuwaza mambo ya zamani.

"Baba Kulwa," nikasikia kutoka ndani, "kuna nini kinaungua?"

"Hakuna kitu."

"Basi hicho hakuna kitu kiepue, maana moshi wake umefika chumbani."

Sufuria ile haikutakata tena. Nilimpa kuku ule wali wa juu, akakataa.

Siku iliyofuata nikasonga ugali, maana ugali hauhitaji stesheni, unauona kwa macho. Nikapika mlenda wa karanga, karanga nimetwanga mwenyewe kwenye kinu. Ulikuwa mzuri, nasema kweli, hata Mzee Salumu angeonja mara mbili. Nikamnawisha Mama Kulwa, nikaweka mbele yake. Akautazama ule ugali. Akautazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani. Hakugusa.

Nikamega tonge, nikachovya, nikampelekea mdomoni. Akageuza uso. "Mimi si mtoto."

"Basi mega kwa huo mwingine."

"Wa kushoto?" Aliniangalia kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Mama yangu angefufuka aje anizabe kofi."

Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Kumbe miezi minne yote ile mafuta yalikuwa kisingizio nusu. Huyu mama alilelewa kwamba mkono wa kushoto hauingii sahanini, si kwa tonge, si kwa kijiko, si mbele ya watu, na mimi nilikuwa mbele yake kila siku, namtazama. Hata kule kudokoa alikuwa akingoja nitoke. Nilirudisha sahani jikoni nikalia kidogo, kwa moshi na kwa mengine.

Siku sita zikapita hivyo. Uji kikombe nusu, ndizi moja, basi. Nikajaribu maharage, nikajaribu kuku (si yule), nikajaribu matobolwa yale ya viazi vitamu anayoyapenda. Anaonja, anasema kitamu, anasogeza. Siku ya saba nikamkalia kitako.

"Mama Kulwa, katika vyakula vyote ulivyowahi kula tangu uzaliwe, unatamani kipi?"

"Nilivyowahi kula sina hamu navyo," akasema. "Kuna kimoja sijawahi kula."

"Kipi?"

Akacheka kidogo, kama anaona haya. "Wali wako wa treni."

Akanieleza. Alipokuwa binti pale Igalula, treni ikisimama, harufu ya vitunguu na iliki ilikuwa inatoka kwenye dirisha langu inamwagikia stesheni nzima. Yeye ana sinia la mayai kichwani na njaa tumboni, maana mayai yalikuwa ya kuuza, si ya kula. Anauza huku anameza mate. Halafu honi inalia, treni inaondoka na harufu yake. "Nilimwuliza mama, ule wali huwa unaliwa wapi? Mama akasema, unaliwa Goweko. Nikawa nadhani Goweko ni mji mkubwa sana, watu wake wote wameshiba." Akanigeukia. "Sijawahi kufika Goweko, Baba Kulwa. Ulinichukua ukanileta upande huu. Kwa Doto kule Dar nimekwenda mara mbili, zote kwa ndege kwa ajili ya mgongo wangu."

Siwafichi, niliumia. Nilinunua mayai yake kwenye dirisha lile lile, mkono wangu ukapokea, ukapokea, ukapokea, na hata siku moja haukutoa sahani. Ndiyo, sheria ilikuwa chakula ni cha abiria. Lakini ukoko wa sufuria ulikuwa wetu wapishi, tulikuwa tunaugombania. Hata ukoko sikumpa. Miaka arobaini ameishi nami na hamu yake hakuisema, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia mimi ni abiria.

Kesho yake asubuhi nikatoa meza ndogo nikaiweka kwenye kibanda cha jikoni, upande mmoja umegusa ukuta, kama zilivyokuwa meza za behewani. Nikamletea kiti chake, akakaa. Mchele ulikuwa wa Bukene, umechambuliwa, umeoshwa, umechujwa. Vitunguu viwili nikavikata vyembamba. Mafuta kijiko kimoja na nusu tu, maana nesi kaonya. Kwa mafuta machache moto uwe wa chini na mkono usitulie, koroga, koroga, usiondoke kwenda kujibu simu. Vilipoanza kugeuka rangi nikatwanga iliki nikatupia.

Harufu ikapanda. Mama Kulwa akafumba macho.

"Tumesimama Igalula," nikamwambia.

Akafungua jicho moja. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kiharusi, akaita, "Mayai! Mayai ya moto! Mayai na pilipili!"

Wallahi nilitaka kumwaga sufuria. Jirani akachungulia uani kwetu kuuliza mayai tunauzaje. Nikatia mchele, nikatia maji ya moto, na chumvi nikaitia bila wasiwasi wowote, kidogo kuliko zamani, kwa sababu safari hii tulikuwa tumesimama kweli. Nikapiga honi kwa mdomo. Nikafunika.

Kisha nikafanya kitu ambacho sikukipanga. Nikaanza kumweleza njia. Nilijua sina saa wala stesheni, lakini njia ile ninayo kichwani, kila kipande na urefu wake. Nikasema, nyumba za Igalula zinaisha, sasa kulia ni mabani ya kukaushia tumbaku, yale ya udongo, mawili yameezekwa na moja limebomoka. Sasa ni miombo mitupu, angalia juu, mizinga ya nyuki ya magogo imetundikwa kwenye matawi, na huu mmoja umeinama upande miaka yote na hakuna anayeunyoosha. Sasa nyumba za wafanyakazi wa njia. Kuna mama hutoka mlangoni kila treni ikipita, anapunga mkono.

"Anampungia nani?" akauliza Mama Kulwa.

"Mimi nilidhani ananipungia mimi."

"Nyoo! Wewe na moshi wako huo!"

Tukaendelea. Nilikuwa bado sijafika kwenye mbuga yenye maji na ndege weupe, nikasikia sufuria inatatarika. Wali una sauti mbili, wajukuu: ukichemka unanong'ona, maji yakikauka unatatarika. Mkisikia kutatarika, punguzeni makaa chini, hayo mengine wekeni juu ya mfuniko, mpalie taratibu. Kwenye treni hatukuweza kupalia, makaa yangeruka. Nikagundua kwamba sufuria ya watu wawili haina mzigo, inakwenda mbio kuliko ile ya watu mia mbili. Ikabidi mbuga niivuke harakaharaka, ndege nikawaacha.

Nikapakua. Wali, mchuzi wa karanga pembeni, kipande cha ndimu. Nikaweka sahani na kijiko mezani. Mama Kulwa akakitazama kile kijiko, na nikaona uso wake unaanza kurudi kulekule kwa siku zote.

"Shika meza," nikamwambia haraka. "Shika meza, Mama Kulwa, hapa tunakata kona!"

"Nini?"

"Kwenye treni watu wote hushika meza kwa mkono mmoja, wasianguke. Kijiko kinashikwa na mkono wowote uliobaki. Ndivyo tulivyo huko. Nimeona padri na shehe wamekaa meza moja, wote wawili wa kulia umeng'ang'ania meza na wa kushoto unapeleka wali, na hakuna aliyemwona mwenzake hana adabu. Shika, mama, utaanguka!"

Kisha akauchukua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, taratibu, kama anayebeba mtoto aliyelala, akauweka ukingoni mwa meza. Akachukua kijiko kwa wa kushoto.

Sikumwangalia. Nilimpa mgongo nikatazama jiko, nikasimama miguu mbali, nikaendelea kusema njia: ishara ya nje, reli zinagawanyika, stesheni masta ametoka na bendera yake. Nyuma yangu nilisikia kijiko. Kikagonga sahani mara moja. Kikakaa. Kikagonga tena. Niliisema ile stesheni ya Goweko mara tatu, na kama stesheni masta wake bado yu hai basi siku ile alichoka kupunga bendera. Kijiko kikaanza kukwangua.

"Ukoko upo?" akauliza.

Nikaubandua wote, nikampa. Akautafuna taratibu, akaumaliza. Akafuta mdomo kwa ncha ya khanga, akatazama uani kwetu, kuku kwenye karai lake, kamba ya nguo, ukuta wa jirani.

"Kwa hiyo hapa ndipo Goweko," akasema.

Kesho yake alitaka kujua maharage yanaliwa wapi. Nikamwambia Tura. "Basi twende Tura," akasema. Tukaenda, na ni mbali, sauti ilinikauka. Siku nyingine akachoka kusikiliza akaanza kuniuliza maswali, nani alikuwa anapanda wapi, nani alishuka bila kumaliza chakula, na mimi najibu huku nakata, natwanga, naepua. Bila kujua nikawa napika kila siku. Sikuwa na siri nyingine. Vijana huniuliza, babu, mtu arudieje kupika akishazoea vya kununua? Anza na sufuria moja na mtu mmoja wa kumpikia, na mtu huyo akae karibu na jiko. Sufuria bila mtu wa kuzungumza naye inaungua, mimi nimejaribu.

Siku ya kliniki nesi akampandisha kwenye mzani. Akatazama kadi, akampima tena kama mara ile. Akatabasamu, mpira wa puani hatukuusikia.

"Bibi, unakula nini siku hizi?"

"Jana nimekula Itigi," Mama Kulwa akamjibu, amenyooka kabisa.

Yule binti akanigeukia, macho yamemtoka, nadhani alidhani kiharusi kimerudi. Ilibidi nimweleze yote, pale pale, na foleni nyuma yetu ikasikiliza, na mama mmoja akauliza kama naweza kumpitisha Kaliua, ndiko alikozaliwa. Kwenye bajaji Mama Kulwa aliegemea kiti, akanyoosha miguu, akasema, "Baba Kulwa, sasa mimi ndiye abiria."

Inatosha kwa leo, maana vitunguu vimeshageuka rangi na nisipovikoroga mtasikia harufu nyingine. Kuku ameangua vifaranga tisa, msivikanyage mkitoka. Na wewe uliyeagiza chipsi, kijana wa pikipiki akija mwambie amgawie kuku, kisha njoo ukae. Mama Kulwa ameshafika mezani, ameshaita mayai yake, anasubiri honi. Wa kushoto umeshika kijiko. Ule wa kulia uko ukingoni mwa meza, na leo haukubebwa, umepanda wenyewe.